Nisomee Jina

Mimi ni mpinda leso. Cherehani yangu ya miguu iko barazani mwa duka moja la Biashara Street, hapa kisiwani Mombasa, na nimekalia kiti hichohicho tangu 2009. Leso, ambayo wengine huiita kanga, hutoka dukani ikiwa doti, yaani mbili zilizoungana katika kitambaa kimoja. Mteja akishalipa huniletea mimi. Naikata katikati, naipinda ncha zake, mishono minne kwa doti moja, kisha naikunja jina likiwa juu. Siku ya kawaida hupinda doti 30 hivi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani sihesabu. Huinua kichwa nikisikia adhana tu.

Jina ni yale maneno. Leso ina pindo linaloizunguka, ina mji, ndio uwanja wake wa katikati, na ina jina, ule mstari wa herufi kubwa ulio juu ya pindo la chini. Wapo wanaonunua kwa rangi, wapo wanaonunua kwa mji. Lakini wengi, hasa wakubwa, hawatoi pesa kabla ya kujua jina linasemaje. Na wakubwa wengi wa mji huu walisoma chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu. Maandishi ya Kiarabu wanayasoma kama maji, ila hizi herufi za kizungu hakuna aliyewafundisha. Basi bibi hunijia na doti yake mkobani, akaniwekea mapajani, akanambia: "Mwanangu, nisomee jina. Yule wa dukani amenambia ni la heri, lakini yule ataka kuuza."

Nami husoma. Nimesoma majina kwa sauti miaka yote hii, na baada ya kila jina huwa pana kimya kidogo. Ninakipenda kimya kile. Mtu analipima neno, analitia moyoni mwake aone kama linaingia. Mwingine hurudisha leso dukani palepale: "Hii sivai, jirani atadhani namsema." Mwingine huiinua akaibana kifuani kabla hata sijaikata.

Mwaka wa korona, shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, alinijia mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai nje ya lango la shule. Leso hakuinunua yeye, alitumiwa na dada yake. Nikaifungua nikamsomea: Maji ya kifuu bahari ya chungu. Akakaa kwenye benchi langu, akajifunika uso kwa mikono miwili. Chungu hapo ni yule mdudu, sisimizi. Maji yanayobaki ndani ya kifuu cha nazi, ambayo mimi na wewe tungeyamwaga bila kuyatazama, kwake yeye ni bahari ya kuzama. "Kila mtu anambia," akasema, "biashara ya viazi nayo ni ya kulilia? Shule si zitafunguliwa? Kumbe dadangu ameona." Leso ile haikumpa hata shilingi, na shule zilikaa miezi. Alivyoinuka kwenye benchi langu lakini hakuwa kama alivyokaa. Mtu amekipima kifuu chake akakubali kwamba ni bahari. Tangu siku ile, nikisikia mtu akisema misemo ni mapambo ya maskini, humkumbuka mama yule nikaona huyo asemaye hajawahi kupewa msemo uliokuwa wake.

Nieleze kidogo kuhusu mtaa wenyewe, kwa sababu majina haya yana nyumbani kwao na ni hapa. Wazee husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vilivyochapwa, ambavyo Wareno walivizoesha huku, na neno lenyewe leso ni la Kireno. Viliuzwa vikiwa vimefuatana kwenye jora. Wakavinunua sita, wakavikata vitatu vitatu, wakaviunga pamoja vikawa vazi moja pana. Zikaitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona kina mama wamependa, ndipo wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Kwa hivyo leso ilianza kwa sindano ya mwanamke, si kwa kiwanda, na mimi niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilikitazama kiti changu kwa heshima mpya.

Kisha 1887 Kaderdina Hajee Essak akaanza biashara yake hapa Mombasa. Watu walimjua kwa jina la Abdulla, na leso zake zikapigwa chapa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Inasemekana ndiye aliyeanzisha kutia maneno kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja hizi za sasa. Hebu fikiria: mama zao hawa mabibi wanaoniambia niwasomee walikuwa wakijisomea wenyewe. Herufi ziligeuzwa, wao wakaachwa nje ya nguo zao. Kwa hiyo mtu akiniomba nimsomee jina simwoni hajui kitu. Namrudishia chake.

Na tazama tena leso yoyote uliyo nayo ndani. Utakuta chapa ya mwenye mali na nambari ya mtindo. Jina la mtunzi hulikuti. Maneno haya hayana mwenyewe mpaka mtu ayachague dukani akupe wewe, na hapo yanakuwa ya huyo aliyekupa.

Simu ni tofauti. Kila alfajiri, kabla sijachemsha chai, misemo imeshajaa: jua linachomoza, maua, na maneno ya mtu mkubwa chini yake. Nyingine ni nzuri na huzisoma mara mbili. Lakini watu wamekazana kutafuta jina kubwa la kuweka chini hata lisilokuwa lake. Kuna maneno marefu kuhusu hofu na nuru yetu yanayozungushwa kwamba Nelson Mandela aliyatamka siku alipoapishwa kuwa rais, 10 Mei 1994. Hakuyatamka. Yaliandikwa na mwanamke mmoja wa Marekani miaka miwili kabla ya siku hiyo. Sijui kwa nini haikutosha kwamba ni maneno mema; ilibidi pia yawe ya Mandela. Halafu yametumwa kwa watu 200 kwa mpigo mmoja. Aliyeyatuma hajui kama leo nimeamka na homa au na furaha. Siwezi kumlaumu, ametaka heri. Ila mimi nimelelewa na neno lililonunuliwa kwa ajili yangu, na nilikaa miaka miwili bila kulielewa. Hilo ndilo nililotaka kuandika leo, haya mengine yamenichukua kama maji ya bamvua.

Niliolewa 2011. Mume wangu ni makanika, karakana yao iko Changamwe, na sisi tulipanga Kisauni. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa akikaa Kibokoni, Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa mbili yenye mlango mzito uliokuwa ukilia ukifunguliwa. Kufikia 2014 tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hatuna mtoto. Aliyeishi pwani anajua maana yake. Kwenye harusi unaulizwa. Kwenye msiba unaulizwa. Mtu anakushika tumbo akijifanya anakurekebisha buibui. Tulikwenda hospitali moja, tukaenda nyingine, na daktari mmoja akanambia maneno kwa sauti ambayo watu wa foleni nje waliisikia. Sitayaandika hapa. Nilipotoka sikupanda matatu. Nilivuka daraja la Nyali kwa miguu mpaka Kisauni ili nifike nyumbani macho yakiwa yamekauka.

Jumapili moja mwezi wa Mei, masika yamekolea na njia yetu imegeuka mto, mavyaa akaja. Peke yake, na maji yale. Alikunywa chai ya tangawizi, akauliza habari za kazi, kisha akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Chukua, mama. Utaitazama nikishaondoka." Akaondoka.

Nikafungua. Ilikuwa leso ya samawati na nyeusi, pindo la korosho. Moja. Nikalikung'uta gazeti nikidhani ya pili imebaki ndani. Haikuwamo. Sasa, kwetu leso ni doti. Unampa mtu mbili, moja ajifunge na moja ajitande. Hata masikini wa mwisho akikosa doti hungoja mpaka aipate, hampi mtu nusu. Nikaitazama ncha. Imepindwa kwa mkono, uzi mweupe, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri. Mimi ndiye mpinda leso wa ukoo ule mzima. Leso za harusi nimepinda mimi, za arobaini nimepinda mimi, na hii ya kunipa mimi haikupita kwangu. Ndipo nikaigeuza nikasoma jina.

JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Nilihisi masikio yanawaka. Watu wa pwani hatuambiani mambo usoni. Leso ndiyo husema. Wake wenza hugombana kwa leso mwaka mzima bila kufungua kinywa. Jirani hukupitia mlangoni amejitanda jibu lako. Nami nilivyosoma, niliisikia sauti ya mavyaa wangu waziwazi: mimi mjukuu sipati kwako wewe, lakini tamaa yangu sijaikata, bado nakudai. Na kwa mkono wake ameipinda, na nusu amenipa, kwa kuwa na mimi mwenyewe ni nusu mtu.

Niliikunja nikaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya kisutu changu cha harusi. Sikuivaa. Mume wangu aliniuliza mama alileta nini, nikamwambia leso, nikanyamaza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikienda Kibokoni kwa sababu ni wajibu, nikitoa shikamoo, nikipika, nikiosha vyombo, nikirudi. Yeye hakuuliza kwa nini leso ile haonekani nayo mtu. Aliniangalia tu mabega yangu kila nikiingia. Wakati ule niliona hiyo nayo ni inda.

Mwaka 2016 mavyaa akaanguka kwenye ngazi za nyumba yake, akavunjika nyonga. Wifi yangu yuko Lamu na watoto wadogo. Nikahamia Kibokoni. Asubuhi namwogesha, namkalisha dirishani, kisha nachukua nguo napanda nazo darini kufua na kuanika. Kule juu unaiona bahari ya Bandari ya Kale, na majahazi machache yaliyobaki, na kunguru. Siku ya tatu au ya nne nikaingiza mkono kwenye beseni nikatoa leso ya samawati na nyeusi, pindo la korosho.

Kwanza nilidhani nimebeba ile yangu bila kujua. Lakini yangu ilikuwa mpya, imelala sandukani haijaguswa na maji. Hii ilikuwa imechakaa, mji wake umefifia, katikati imekuwa nyepesi kama karatasi ya kufungia kashata. Nikatafuta ncha. Uzi mweupe, mishono mikubwa.

Nikashuka nayo ikinidondoka maji ngazi nzima.

"Mama, hii leso mbona unayo?"

Akaitazama. "Hiyo ndiyo nivaayo nikisali alfajiri. Ni nusu yangu. Nyingine si nilikupa wewe?"

Nilisimama pale sijui niseme nini. Akanambia nikae, niache kulowesha mkeka. Kisha akanihadithia jambo ambalo hata mwanawe hakulijua. Aliolewa 1969. Mume wangu alizaliwa 1978. Hiyo ni miaka tisa, na kwa miaka yote tisa mtaa wa Kibokoni ulikuwa na macho na midomo kama mtaa wangu wa Kisauni. Mwaka wa tano au wa sita alinunua mwenyewe leso yenye jina lile. Aliivaa mpaka watu wakamwita kwa jina la leso. Alipojifungua, aliipasua akamfanyia mwanawe winda. "Ilikuwa imelainika vizuri," akasema. Na 2014, akipita Biashara Street kwa shughuli zake, akaliona jina lile limetundikwa mlangoni. "Sikuuliza bei."

"Na kwa nini ukanipa nusu?"

Akacheka, jambo ambalo lilimuumiza nyonga. "Wewe mpinda leso ndiye wa kuniuliza? Ningekupa doti ungeivaa peke yako, moja chini moja juu. Nilitaka tuivae wawili. Wewe kwako, mimi kwangu."

"Hata kuileta nikuipindie?"

"Zawadi yako, nikuletee uipinde mwenyewe?"

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani ananisema. Nilidhani yeye ndiye asiyepata na mimi ndiye ninyimaye. Alikaa kimya kitambo. Nilisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake chini mtaani. Halafu akanambia, taratibu, kama ninavyowaambia mimi mabibi zangu pale barazani:

"Limeandikwa sipati, mwanangu. Halikuandikwa hupati."

Ninaandika hapa miaka mingi baadaye na bado neno hilo linanitoa machozi. Mimi, niliyesoma majina kwa sauti mchana kutwa, sikuwa nimetazama herufi ya kwanza ya kitenzi. Leso ile ilisema mimi. Na mimi wa leso ni yule aliyejifunga nayo. Alfajiri, Kibokoni, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini anasimama kusali akiwa amejitanda maneno hayo kwa nafsi yake, kwa ajili ya jambo langu; na upande wa pili wa daraja nusu ya pili imefungiwa sandukani kwa hasira. Angeweza kunambia usikate tamaa. Maneno hayo nilikuwa nayo mengi, kila mtu alikuwa nayo ya kunipa, na kila aliyenipa alibaki amesimama ng'ambo akinitazama nikiogelea. Mavyaa aliingia majini.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma msemo, wa leso au wa simu au ulioandikwa nyuma ya tuktuk, hutazama kwanza nani anasema na nani. Mingi husema wewe: amka, pambana, vumilia, sahau. Huenda ni mema yote. Ila nikitaka kumpa mtu neno kwenye msiba au kwenye kukosa, hutafuta lile ninaloweza kulivaa pamoja naye. Nisipolipata hukaa kimya nikampikia uji.

Na yapo maneno mazuri yaliyofanywa kamba. Kijana mmoja wa kike aliletwa kwangu na shangazi yake, doti mkononi mwa shangazi, jina lake Mvumilivu hula mbivu. Msichana alikuwa na alama ya samawati chini ya jicho na alikuwa ameshusha mtandio kuifunika. Shangazi akanambia nimsomee kwa sauti ili asikie. Nilimsomea kama lilivyo, sina ruhusa ya kubadilisha jina la mtu. Kisha shangazi alipogeuka kulipa nikamwambia la kwangu: nyumba yangu iko Kisauni, nikamtajia njia na rangi ya mlango, na kwamba mlango haufungwi kabla ya saa tano usiku. Hilo neno subira lina thamani kubwa sana kwangu na limenibeba, na kwa sababu hiyohiyo linaniuma nikiliona limeshikwa na mtu asiyepigwa akampa anayepigwa. Hakuja. Bado namtazamia, na kila nikipinda leso yenye jina lile mkono wangu huwa mzito.

Mtoto sijapata. Nalisema wazi ili asomaye asingoje. Nina miaka 41, mume wangu ananipenda, na tumezoea nyumba yenye sauti mbili. Kuna siku tamaa hukatika kabisa. Siku hizo nayo leso naivaa hivyohivyo, na siijui sababu ila kwamba mkono huiendea.

Mavyaa alifariki Julai 2021, baridi ya kusi inavuma. Alikuwa ameanza kutembea tena kwa mkongojo, akishika kuta. Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa akiwa amefunikwa leso, na leso zile hupewa walioosha. Wifi yangu, ambaye hakujua lolote, alifungua kabati akachukua zilizo safi juu, na moja ilikuwa ile ya samawati. Niliiona ikipita mlangoni mkononi mwake. Ningeweza kusema niachieni ile, na hakuna ambaye angenikatalia. Nilifungua kinywa nikakifunga. Ilimfunika mwenyewe hadi mwisho, kisha ikaenda na bibi mmoja aliyemwosha. Mimi nikabaki na nusu yangu, ambayo sasa ndiyo iliyofifia.

Mwezi uliopita nilishuka Mwembe Tayari mapema, kabla ya saa moja asubuhi. Pana mama anauza mahamri na mbaazi pembeni mwa njia, na mimi sikuwa nimewahi kununua kwake. Amekaa kigodani, ndoo ya mahamri kati ya miguu, leso mabegani kwa ajili ya upepo. Nilikuwa nimeshampita. Kazi yangu imenizoesha kutazama ncha za nguo kabla ya nyuso za watu, na ncha ile ilikuwa na uzi mweupe, mishono mikubwa.

Nikarudi. Nikaagiza mahamri manne. Nikamwambia leso yake nzuri.

"Ya kupewa," akasema. "Dada yangu alinipa, Mungu amlipe. Nazipenda korosho zake."

"Na jina lake lasemaje?"

"Ah, hizi herufi mimi sizijui. Wewe wajua kusoma? Hebu nisomee jina."

Akainuka, akanipa mgongo, akaitandaza leso kwa mikono miwili ili niione vizuri. Herufi zilikuwa zimekwisha, umebaki mstari wa vivuli. Sikuzihitaji. Nikamsomea.

"Rudia," akasema, bado amenipa mgongo.

Nikarudia.

Akaishusha taratibu, akajitanda upya, akageuka. "Kumbe ni mimi huyu," akasema, akakaa, akanifungia mahamri yangu manne kwa gazeti.